MAZUNGUMZO YA MICHEZO: DAKIKA ZA MCHEZO NI ZA NANI?

Juma hili nataka kuzungumza nanyi habari ya wizi mmoja utendekao mchana, mbele ya watu wengi, wala mwizi wake hakamatwi. Mali iibiwayo si ng'ombe wala majani ya chai, ni wakati.

Siku chache zilizopita nilikwenda kutazama mpira wa miguu katika uwanja mmoja wa huku Ndanai. Timu moja, ambayo ilikuwa imezoea kushindwa, ilipata goli mapema katika nusu ya pili. Tulifurahi, kwa kuwa hata mnyonge hupata siku yake. Lakini tangu hapo mchezo ulikufa. Mlinda lango aliukumbatia mpira kama mama akumbatiavyo mtoto mgonjwa. Aliyepaswa kuurusha mpira aliufuta kwa fulana yake, kisha akamwachia mwenzake, naye akaanza kuufuta upya. Mmoja alianguka pasipo kuguswa, akashika goti la kulia. Alipoinuliwa, akachechemea kwa mguu wa kushoto. Wakati huo mawingu yalikuwa yakikusanyika, nasi watu wa nchi hii ya chai twaijua mvua ya alasiri. Ikanyesha, uwanja ukawa tope, mpira ukakwama majini, na mchezo ukaisha kwa goli moja kwa bila.

Huenda msomaji akasema, "Sekunde chache zina madhara gani?" Na tuhesabu pamoja. Mlinda lango akizidisha sekunde 12 kila adakapo mpira, naye akaudaka mara 10, zimekwenda dakika 2. Mipira 15 ya kurushwa, kila mmoja ukicheleweshwa sekunde 10, ni dakika 2 na nusu. Majeruhi 3 wa uongo, kila mmoja akilala dakika moja na nusu, ni dakika 4 na nusu. Jumla ni dakika 9, yaani sehemu moja katika kumi ya mchezo wa dakika 90. Haba na haba hujaza kibaba, hata katika uovu.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Wazee wengi wakumbuka Kombe la Dunia la mwaka 1982 nchini Hispania. Tarehe 25 Juni, mjini Gijón, Ujerumani ya Magharibi ilipata goli mapema dhidi ya Austria. Matokeo hayo yalizitosha timu zote mbili kuendelea mbele; basi wakapigiana mpira polepole hadi mwisho, huku watazamaji wakizomea. Aliyeumia ni Algeria, ndugu zetu wa Afrika, waliokuwa wamewashinda Wajerumani hao hao magoli 2 kwa 1. Walikuwa wamekwisha cheza michezo yao yote, wala hawakuwa na la kufanya. Tangu mashindano ya mwaka 1986, michezo ya mwisho ya kila kundi huchezwa saa moja.

Sheria nazo zimekuwa zikiwafuata wajanja hatua kwa hatua. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1990 walinda lango walirudishiwa mpira na wenzao mara kwa mara, wakaushika kwa mikono. Mwaka 1992 wakakatazwa kuushika mpira waliorudishiwa kwa mguu makusudi. Baadaye waliwekewa mpaka wa sekunde 6, lakini marefa wachache tu waliutimiza. Tangu Julai 2025 sheria yasema sekunde 8: refa huzihesabu sekunde 5 za mwisho kwa mkono ulioinuliwa, na mlinda lango akizidisha, wapinzani hupewa kona. Mchezaji anayebadilishwa yampasa kutoka kwa mstari ulio karibu naye, asivuke uwanja mzima akipunga mikono. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2022 nchini Qatar, marefa walirudisha dakika nyingi zilizopotea, hata watazamaji wakastaajabu.

Ni haki pia kuwatetea wanyonge. Timu dhaifu inayo ruhusa kamili ya kulinda goli lake. Kuwa na watu wengi nyuma, kupasiana mpira kwa utulivu, kuupeleka pembeni na kuukinga kwa mwili pasipo faulo: hiyo yote ni akili ya mchezo. Tarehe 10 Agosti 2025, uwanjani Kasarani, Harambee Stars waliishinda Morocco goli 1 kwa bila katika mashindano ya CHAN. Ryan Ogam alifunga katika nusu ya kwanza, kisha mwenzao mmoja akatolewa kwa kadi nyekundu, na nusu nzima ya pili wakaicheza wakiwa watu 10. Asiyeweza kuwalinda wenzake kwa miguu, yampasa ajifunze, si ajilaze.

Basi nawasihi marefa wetu, ambao wengi ni walimu na vijana wanaojitolea: huku hatuna mbao za taa za kuonyesha dakika, lakini saa ya mkononi inatosha. Kadi ya njano itolewe mapema, si dakika ya 88. Dakika zilizopotea zirudishwe, na makapteni waambiwe hivyo kabla ya firimbi ya kwanza. Nasi watazamaji tuache kumshangilia mwongo kwa sababu tu ni mwongo wa kwetu. Mkulima akitia maji katika maziwa, karani wa maziwa huyapima na kuyakataa, nasi twaona aibu. Kwa nini tusione aibu hiyo uwanjani? Watu wale walikamua mapema na kutembea mwendo mrefu ili waone mpira, si kulala.

Kesho yake nilipita njiani, nikawakuta watoto wakicheza mpira wa makaratasi. Kijana mmoja mdogo, timu yake ikiwa mbele kwa goli moja, alijitupa chini akashika goti na kulia kwa sauti kubwa. Nilimwendea kwa haraka nikidhani ameumia. Akanifumbia jicho moja, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, bado dakika kidogo tu."

Sikuwa na neno la kumkemea, maana mwalimu wake nilimwona jana yake, nami niliketi pale nikicheka pamoja na wengine. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Tukitaka vijana wa Ndanai wawe washindani wa kweli, tuanze kwa kutocheka.