Maneno anayajua, mpangilio ndio taabu

Je, mzazi, umewahi kuona mtoto msemaji akinyamaza ghafla darasani? Binti yangu yuko Gredi ya Nne, pale ambapo karibu masomo yote huanza kufundishwa kwa Kiingereza. Muhula uliopita alimwuliza mwalimu wake, "You are going where?" Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. Tangu siku hiyo hakuinua mkono tena.

Nilikasirika, kisha nikaona haya. Mimi ndiye niliyemnunulia kamusi na kumtaka akariri maneno kumi kila siku. Kumbe maneno alikuwa nayo! Kilichomshinda ni kuyapanga, na hata hapo alikuwa akifuata Kiswahili chake barabara: "Unakwenda wapi?" Sisi huweka "wapi" mwishoni. Mwingereza huanza nalo, halafu "are" humtangulia "you": "Where are you going?"

Kiswahili kina huruma katika jambo hili. Ukisema "Kitabu amekisoma mtoto", hakuna atakayedhani kitabu ndicho kilichosoma, kwani ile "a" na ile "ki" ndani ya kitenzi zimekwisha kueleza nani kafanya na nini kimefanywa. Sasa jaribu mpangilio huo kwa Kiingereza: "The book read the child". Kitabu kimemsoma mtoto! Huko, neno hujulikana kazi yake kwa mahali liliposimama.

Basi kamusi tumeiweka kabatini kwa muda. Jioni, vyombo vikishaoshwa, nachukua ukurasa wa daftari la zamani, naandika sentensi moja, naikata kwa makasi neno kwa neno na kuchanganya vipande mezani. Yeye hupanga, kisha husoma kwa sauti. Huko kusoma msikuruke, maana sikio hunasa kosa ambalo jicho limelipita.

Tulianza na "bus", "red", "a" na "big". Akapanga "a bus big red", sawasawa na basi kubwa jekundu. Sikumwambia amekosea. Nilivuta tu kile kipande cha "bus" hadi mwisho, naye akacheka mwenyewe: "a big red bus". Sifa hutangulia, na ukubwa huja kabla ya rangi. Dakika kumi zatosha. Zikizidi, mtoto huanza kupiga miayo, na mzazi pia.

Juzi alinieleza kwamba ameuliza swali darasani. Sikumwuliza kama lilikuwa sahihi.

Ya kujaribu leo ni hii: "lives", "not", "where", "I", "he", "know", "do". Ina mtego. Mtoto aliyezoea "Where are you going?" atataka kutanguliza kitenzi hapa pia, aandike "where lives he". Lakini swali likishaingia ndani ya sentensi nyingine, mpangilio hurudi kuwa wa kawaida: "I do not know where he lives".