Rambo zimeondoka, mitaro bado imeziba



Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyozoea kuiita rambo, ni marufuku Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar walitutangulia mwaka 2006. Anayekutwa nayo anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000, au kufungwa hadi siku 7. Ni sheria nzuri. Aliyeishi Magomeni kabla ya hapo anakumbuka: rambo kwenye nyaya za umeme, rambo juu ya miarobaini, rambo zikielea Mto Msimbazi hadi baharini.

Lakini chungulieni leo mtaro wowote kati ya Mapipa na Mikumi. Mtaona chupa za maji, vikombe vya plastiki, vifuko vya ubuyu na karanga, na pakiti za sabuni ya unga. Mtaona pia vile vifuko laini vinavyoonyesha ndani, ambavyo baadhi ya wauza nyanya walivigeukia mara rambo zilipokatazwa, hata Serikali ikalazimika kuvipiga marufuku navyo visitumike kubebea bidhaa, mwaka 2021. Maoni yangu ni kwamba tumeiachia sheria kazi ambayo ni ya jikoni kwetu.

Mtauliza, muuguzi anahusikaje na takataka? Anahusika kwa sababu takataka hizo huishia wodini. Jangwani na mabonde ya Msimbazi yalifurika Desemba 2011, yakafurika tena Aprili 2018. Sisemi kwamba vifungashio pekee ndivyo vilivyoleta mafuriko. Bonde ni bonde, na maji hurudi kwenye njia yake. Ila mtaro uliozibwa hurudisha maji uani, nayo yakikutana na choo kilichojaa, kazi imekwisha. Mlipuko mkubwa wa kipindupindu wa mwaka 2015 ulianzia hapahapa Kinondoni, mwezi Agosti.

Halafu kuna homa ya dengue, iliyotusumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake hahitaji dimbwi. Kifuniko cha chupa, kopo la mtindi au tairi bovu nyuma ya nyumba vinamtosha. Mayai yake hukaa makavu kwenye ukingo wa chombo kwa miezi, yakisubiri mvua. Ikinyesha, baada ya wiki moja hivi mbu wapya wanaruka. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Mtoto akiwa na homa kali, maumivu nyuma ya macho na kwenye viungo, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, msimpe aspirini wala diklofenaki, maana dawa hizo huweza kuzidisha kutoka damu. Mleteni hospitali.

Sasa tuingie jikoni. Ziko desturi mbili ambazo ningependa akina mama waziache leo. Ya kwanza ni kufunika wali au makande kwa nailoni ili yaive haraka. Plastiki ikipata moto hutoa kemikali zinazoingia katika chakula, na chakula chenye mafuta huzivuta zaidi. Bibi zetu walifunika kwa jani la mgomba, au walipalia makaa juu ya mfuniko, na wali uliiva vizuri tu. Ya pili ni kuwashia mkaa kwa mfuko au kipande cha chupa. Moshi ule una sumu, nyingine zinahusishwa na saratani, na anayeuvuta kwanza ni mtoto aliyebebwa mgongoni. Mwenye pumu ndani ya nyumba hulala akikohoa usiku kucha. Vilevile kuchoma taka uani si kuzimaliza. Ni kuzihamishia mapafuni.

Wengine husema tuzitumie chupa tena. Sawa, lakini kwa akili. Wodini tumepokea watoto waliokunywa mafuta ya taa kwa sababu yalihifadhiwa katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto wa miaka miwili anajua chupa ile ina kitu kitamu. Ikitokea, msimtapishe wala msimlazimishe kunywa maziwa, mkimbizeni hospitali. Na dumu lililowahi kuwekwa dawa ya wadudu lisiwekwe maji wala mafuta ya kupikia, hata likioshwa mara kumi.

Kuhusu sokoni, sipendi kusikia lawama zote zikimwangukia mama ntilie. Anatia maharage ya moto katika mfuko kwa sababu mteja amekuja mikono mitupu. Mteja akija na bakuli lenye mfuniko, mama naye ataokoa fedha. Anayekwenda Kariakoo na kikapu cha ukili hahitaji hata ile mifuko mbadala, ambayo mingi huchakaa baada ya safari chache.

Liko jambo gumu zaidi, nalo ni umaskini. Anayenunua sabuni na mafuta ya kula ya siku moja moja hubaki na vifuko vingi kuliko mwenye nacho, na mara nyingi hulipa zaidi kwa kila kilo. Hatumkemei. Ila jumuiya ndogo ndogo yenye familia kumi na tano inaweza kuchanga, ikanunua dumu la lita 20 la mafuta na mfuko mkubwa wa sabuni, kisha kila mmoja akapimiwa katika chombo chake kisafi. Inahitaji mtu mwaminifu wa kushika daftari, basi. Itapunguza taka, na fedha itakayobaki itanunua mboga.

Na sherehe zetu je? Baada ya kipaimara au harusi, uwanja hubaki na lundo la sahani za kutupa, vikombe na chupa ndogo za maji zilizonywewa nusu. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaja wazi mambo haya madogo: kupunguza plastiki na karatasi, kutenganisha taka, kupika kinachotosha kuliwa. Jumuiya nyingi tayari zina sufuria na viti vya misiba. Kwa nini zisiwe pia na sahani na bilauri mia moja za kuosha? Wenyeviti wa jumuiya wapeleke suala hili kwenye halmashauri ya parokia kabla ya msimu wa kipaimara, wakiwa na bei ya sahani mkononi na majina ya watakaoziosha. Vijana wa kiume nao waandikwe katika orodha hiyo.