Mfumo Umenunuliwa Bunda, Vipande Vyake Vimetoka Wapi?

Tuseme SACCOS ya walimu mjini Bunda inanunua mfumo wa mikopo. Kijana aliyeutengeneza ni hodari na bei yake haiumizi. Siku ya majaribio kila kitu kinakwenda sawa: akiba zinaonekana, marejesho yanakatwa, ujumbe mfupi unamfikia mwanachama aliyeko Kibara. Bodi inauliza gharama za mafunzo, kisha inasaini. Haiulizi ni sehemu gani ameiandika mwenyewe na iliyobaki ameichukua kwa nani.

Kwa kawaida, sehemu kubwa imechukuliwa. Hilo si kosa. Hakuna mtengeneza programu anayeandika kila kitu upya, awe Musoma au California. Huchukua vipande vya wengine, vingi bila malipo, na kila kipande huja na vingine kinavyovitegemea. Kasoro ikiingia chini kabisa, hupanda hadi juu.

Desemba 2021 ulimwengu uliliona hilo kupitia Log4j, kipande kidogo cha kutunza kumbukumbu za matukio katika programu za Java. Udhaifu wake ulipewa alama 10 kati ya 10 za hatari, kwa sababu mshambuliaji aliweza kutuma mstari mmoja wa maandishi na kuifanya seva imtii. Taasisi nyingi zilihangaika siku kadhaa si kwa kuziba tundu, bali kwa kutafuta kama zina Log4j ndani.

Kisa cha xz mwaka 2024 kinatisha zaidi, kwani hapo kulikuwa na nia. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitolea kwa zaidi ya miaka miwili kusaidia mradi huo wa kubana mafaili, uliokuwa ukitunzwa na mtu mmoja aliyeelemewa. Alipoaminiwa, akapenyeza mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kulichelewa kwa takriban nusu sekunde naye akakataa kulipuuza. Asingekuwa mdadisi, mlango huo ungeenea katika seva nyingi za Linux.

Hatari haiishii kwenye msimbo. Oktoba 2020 nchini Uganda, wahalifu waliingilia mifumo ya Pegasus Technologies, kampuni iliyounganisha benki na pesa za simu. MTN, Airtel na Benki ya Stanbic zikalazimika kusitisha miamala ya kutoka benki kwenda kwenye simu. Wateja wengi hawakuwahi kulisikia jina la Pegasus kabla ya siku hiyo.

Wapo wanaosema dawa ni kujenga vya kwetu. Wana hoja: wataalamu wa ndani wanafikika, na mfumo wa manunuzi wa NeST, ulioanza 2023, ni ushahidi kwamba uwezo upo. Lakini mfumo uliojengwa Tanzania nao husimama juu ya hifadhidata na vipande vya wageni. Uzalendo hauzibi tundu la Log4j.

Kinachohitajika ni kujua kilichomo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, hata anapomkabidhi mwingine kuzichakata. Zahanati ya Musoma haiwezi kumwambia mgonjwa kwamba siri yake imevuja kwa kosa la fundi. Basi mkataba udai orodha kamili ya vipande na matoleo yake, utaje nani atavisasisha na kwa muda gani, na useme malipo yanapita kwa nani.

Gharama ipo, na taasisi ndogo hazina mkaguzi. Hapa Butiama inaweza kusaidia: Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius Nyerere kingeweza kuwa mahali pa kupeleka orodha hizo zikaguliwe. Bodi za SACCOS, wamiliki wa shule na waganga wafawidhi wa Mara, iombeni orodha hiyo kabla ya kusaini mkataba ujao. Muuzaji asiyeweza kuitoa, msimlipe.