Kisu cha Kuchinja si Kisu cha Kuchuna



Kila mwaka, mwezi wa Mfungo Tatu unapokaribia, familia huanza kuulizana habari za mnyama: bei yake, umri wake, afya yake, na nani atashirikiana na nani katika ng'ombe wa watu saba. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza habari za kisu. Kisu hutafutwa asubuhi ya Idi, watu wamekwisha kurudi kutoka kuswali na mnyama amefungwa mtini. Hapo huletwa kisu cha jikoni kilichokatia vitunguu mwaka mzima, kikasuguliwa mara mbili tatu kwenye ukingo wa baraza, mbele ya macho ya mnyama mwenyewe.

Matokeo yake tunayajua. Mnyama hukerezwa badala ya kukatwa. Ngozi hutoka na matundu. Na mara nyingine baba wa nyumba hupelekwa zahanati, mkono umefungwa kanga, kwa sababu kisu butu humlazimisha mtu kutumia nguvu, na kisu kinachosukumwa kwa nguvu huteleza.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Katika Hadithi ya Shaddad bin Aws (ra), aliyoitoa Imamu Muslim, Mtume wetu (saw) anatufundisha kwamba Allah ameamrisha ihsani katika kila kitu. Kisha anataja kuchinja kwa jina lake, na kumuamuru mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Kwa hiyo kunoa si ustadi wa wauza nyama peke yao, bali ni sehemu ya ibada. Imepokewa vilevile kwamba Mtume (saw) alimkemea mtu aliyekuwa akinoa kisu hali amekwisha kumlaza mnyama naye anamtazama. Kisu kinolewe usiku wa kuamkia Idi, kifungwe katika kitambaa, na kisionyeshwe mpaka wakati wake.

Wala mtu asidhani kwamba jambo hili linataka fedha nyingi. Imamu Bukhari amepokea kisa cha kijakazi wa Ka'b bin Malik aliyekuwa akichunga kwenye mlima wa Sal', karibu na Madina. Alimwona mmoja wa kondoo wake yu karibu kufa. Akavunja jiwe, akamchinja kwa ukali wake. Mtume (saw) alipoulizwa, aliamuru nyama ile iliwe. Wanazuoni wamechukua humo mafunzo mengi, likiwamo la kuwa mwanamke huchinja na nyama ikawa halali. Kwetu sisi leo tuchukue moja: kinachotakiwa ni makali yanayotiririsha damu, si thamani ya chombo. Kilichokatazwa ni jino na kucha.

Ama kisu cha kuchinja, sifa zake ni tatu. Kwanza, kiwe kirefu. Kanuni iliyo rahisi kukumbuka ni kwamba urefu wa makali ufike walau mara mbili ya upana wa shingo ya mnyama. Kwa mbuzi au kondoo, kisu chenye makali ya inchi 8 hadi 10 kinatosha. Kwa ng'ombe, kisipungue inchi 12, na 14 ni bora zaidi. Kisu kifupi huilazimisha ncha iingie ndani ya jeraha na kuchoma, na mkono hurudi mara nyingi mahali pale pale. Pili, makali yawe yamenyooka, yasiwe na meno. Kisu cha mkate hakifai hata kikiwa kipya, kwa kuwa kinapasua kwa kuchana. Tatu, kisiwe kizito kama panga. Panga limeumbwa kwa kupiga, na kuchinja ni kupitisha.

Kisu chenye sifa hizi hukata kwa mpito mmoja njia ya pumzi, njia ya chakula, na mishipa miwili mikubwa ya damu iliyo kandokando. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao wetu, viwili vya mwanzo ni wajibu na mishipa miwili ni sunna. Walakini kukatika kwa mishipa hiyo ndiko kunakoiondoa damu upesi na kumfupishia mnyama maumivu. Mkono usimame kabla ya uti wa mgongo. Kisha watu wangoje. Haifai kuvunja shingo wala kuanza kuchuna mpaka mnyama atulie kabisa na roho iwe imetoka.

Hapo kisu cha kuchinja kioshwe na kuwekwa kando, kwani damu iliyotiririka ni najisi, na kichukuliwe kisu cha pili.

Kisu cha kuchuna ni kifupi, inchi 5 au 6. Makali yake yamepinda kwa nje kama tumbo la samaki, na ncha yake imeinuka juu au imeviringwa. Umbo hilo lina sababu. Mchunaji hapitishi kisu kwa kuvuta moja kwa moja. Huizungusha mkono, na ni lile tumbo la kisu linalogusa utando ulio baina ya ngozi na nyama. Ncha kali iliyonyooka huingia ngozini bila mtu kujua, na tundu huonekana ngozi ikishatandazwa. Hata kwa kisu chema, kitumike kwa uchache: kufungua mstari wa miguu, kifua na tumbo. Baada ya hapo, kwa mbuzi na kondoo, ngumi ndiyo chombo bora. Ngozi ivutwe kwa mkono mmoja, na ngumi ya mkono wa pili iisukume itoke nyamani.

Wakati wa kupasua tumbo, makali yaelekezwe juu, mbali na matumbo, na vidole viwili vya mkono wa pili viingie chini ya ngozi na nyama ya tumbo viende mbele ya kisu. Utumbo ukitobolewa, uchafu wake humwagika juu ya nyama, na hapo huharibika kile tulichokusudia kumlisha jirani.

Nakuomba, ndugu msomaji, usiidharau ngozi. Mtume (saw) alipomsimamisha Sayyidna Ali (ra) juu ya ngamia wake wa Hija, alimuamuru atoe sadaka nyama zake na ngozi zake, na asimpe mchinjaji chochote katika hivyo kuwa ujira wake. Hadithi hii imo kwa Bukhari na Muslim. Basi ngozi ya udhuhiya si malipo ya mchunaji wala si bidhaa ya mwenye mnyama. Akitolewa sadaka maskini au madrasa, yeye ndiye atakayeipeleka sokoni, na mnunuzi wa ngozi hutazama upande wa ndani na kuhesabu mikato. Kila tundu linashusha daraja ya ngozi. Kwa maneno mengine, uzembe wetu wa dakika kumi hulipwa na fukara. Ngozi ikitoka, itandazwe kivulini na itiwe chumvi siku ile ile, kwani katika joto letu haichelewi kuoza.

Sasa tuje dukani. Visu vya chuma kisichoshika kutu ni rahisi kutunza, lakini vile vyembamba vya bei ndogo mara nyingi ni laini. Vinanolewa upesi na vinapoteza makali kabla mbuzi wa pili hajalazwa. Chuma cha kawaida chenye kaboni nyingi hupokea makali vizuri na huyashika, ila hutaka kufutwa na kupakwa mafuta, la sivyo kitaota kutu. Wahunzi wetu hufua visu vyema kutokana na springi za magari, kwa kuwa chuma kile ni kigumu na hakivunjiki ovyo. Muulize mhunzi kama alikizamisha katika mafuta au maji kikiwa kimewiva motoni. Kisu kisichopitishwa hatua hiyo kitapinda makali.

Utazame pia mpini. Chuma cha kisu kipite ndani yake mpaka mwisho, kisiishie katikati. Mpini wa mti unapendeza, lakini ukipasuka hunyonya damu na mafuta. Wa plastiki ngumu husafishika kwa urahisi. Kwa vyovyote, uwe na kizuizi au kipindo mbele, ili mkono uliolowa usiteleze kuelekea kwenye makali.

Kuhusu kunoa: wale mafundi wanaopita mitaani na gurudumu wana manufaa yao, lakini gurudumu linalotoa cheche bila maji hukitia kisu moto mwingi. Ukiona ukingo umegeuka rangi ya buluu, ujue chuma pale kimelainika. Nyumbani, kinoo chenye pande mbili kinatosha. Kiloweshwe maji. Anza kwa upande mkwaruzo, ukiinua mgongo wa kisu kidogo. Kwa kisu chenye upana wa sentimita 4, mgongo uwe juu ya jiwe kwa kiasi cha sentimita 1 na nusu. Piga upande mmoja mpaka uhisi ukingo mdogo wa chuma unaoparuza upande wa pili, kisha geuza. Maliza kwa upande laini, kwa mkono mwepesi. Kisu kilicho tayari hukata karatasi iliyoshikwa hewani bila kuichana. Nyanya nayo hukatika kwa uzito wa kisu chenyewe.

Mwisho, tuwakumbuke watoto. Siku ya Idi ua hujaa, na kisu kilichoachwa juu ya jiwe hakikosi mkono mdogo wa kukiokota. Awekwe mtu mzima mmoja aliye mlinzi wa visu: yeye hutoa, yeye hupokea, yeye huosha na kufungia. Vijana waliobaleghe wafundishwe kunoa kabla ya kufundishwa kuchinja.

Siku za kuchinja ni nne: tarehe 10 ya Mfungo Tatu na siku tatu za Tashriq zinazofuata. Zilizotangulia zote ni za maandalizi. Aliyekwisha kumnunua mnyama, basi atazame na kabati lake la visu wiki hii.

Allah atupe taufiki ya kutenda kwa ihsani, na azipokee ibada zetu. Amin. Wallahu a'lam.