Ziwa Victoria si injini

Injini ya gari ikiharibika, fundi hubadilisha kipuri na safari ikaendelea. Huo ni mfumo wa kimashine: sehemu zake hazizaani wala hazilani. Ziwa ni mfumo hai, tena ulio wazi, unaopokea mito, udongo na maji taka.

Maofisa wa enzi za ukoloni hawakulitazama hivyo. Kuanzia miaka ya 1950 sangara alipandikizwa Ziwa Victoria, ingawa wapo watafiti walioonya. Hesabu ilionekana nyepesi: samaki mkubwa awale vijisamaki visivyo na bei, kisha binadamu amvue yeye. Kwa miaka mingi mambo yalikuwa kimya. Ilipofika miaka ya 1980 sangara akafumuka, na aina nyingi mno za furu, vile vijisamaki, zikatoweka.

Uhondo wenyewe uko nchi kavu. Furu alianikwa juani akakauka; sangara, kwa wingi wa mafuta yake, alitaka moshi, na moshi ukataka kuni. Samaki, basi, akawa anakata miti! Viwanda vikapeleka minofu Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakabaki kwa walaji wa Mwanza.

Hata leo, samaki wakipungua, jibu la haraka ni kuchoma nyavu haramu. Nyavu hizo zina madhara kweli. Lakini mbolea inayosombwa kutoka mashambani na maji taka ya mijini, vinavyodhuru ziwa pia, havichomeki. Watu wa kilimo, maji na misitu wanastahili kiti katika kikao cha uvuvi, pamoja na mama anayebanika samaki pale mwaloni.