Kabla M-Pesa Haijawa M-Pesa

Majaribio ya M-Pesa yalipoanza Kenya mwezi Oktoba 2005, kutumiana pesa silo lililokuwa lengo kuu. Nia ilikuwa mkopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, aweze kurejesha mkopo wake kwa simu. Mezani walikuwapo Vodafone na Safaricom, Faulu, benki ya Commercial Bank of Africa, na serikali ya Uingereza iliyochangia gharama kupitia mfuko wake wa maendeleo.

Kila mmoja alikuja na haja yake, na haja hizo hazikupatana kirahisi. Mikopo ya Faulu ilitegemea vikundi: wanachama hukutana, hudhaminiana, na anayechelewesha rejesho huonekana na wenzake. Simu ilimwezesha mtu kulipa bila kufika kikaoni. Kwa watu wa simu huo ulikuwa unafuu kwa mteja. Kwa afisa mikopo ulikuwa ufa katika dhamana yenyewe. Isitoshe, kumbukumbu za mikopo hazikuunganishwa na mfumo wa simu, hivyo malipo yakawa yanaoanishwa kwa mkono.

Watumiaji nao walikuwa wakifanya yao. Walilipiana mikopo. Waliweka pesa kwenye simu kabla ya safari, wakazitoa wafikapo. Wenye biashara walilipana wao kwa wao. Nick Hughes na Susie Lonie, waliokuwa wakiusukuma mradi, waliyachukulia hayo kuwa habari muhimu, si matumizi mabaya. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa imebaki na ahadi moja: tuma pesa nyumbani. Urejeshaji wa mikopo, sababu ya mradi kuanzishwa, uliwekwa kando. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imeshirikishwa kabla ya siku hiyo, na mwishoni mwa 2008, serikali ilipotaka huduma ichunguzwe, majibu kuhusu usalama wa amana yalikuwepo.

Nakishikilia kisa hiki kwa sababu ofisi zetu nyingi hufanya kinyume. Mradi ukiwa na wadau watano, waraka wa malengo huandikwa na kuandikwa upya hadi kila mdau alione neno lake humo. Kikao hufungwa kwa makofi, kisha wahandisi hurudi kazini wakiwa na mabwana watano wa kuwatumikia. Hayo siyaiti makubaliano. Kiongozi wa bidhaa ana wajibu wa kusema mapema, mbele ya wote, nini hakitajengwa na nani atakikosa. Na anayekosa aelezwe ana kwa ana, asije akagundua siku ya uzinduzi. La kuamulia liwe kile anachofanya mteja, kwa kuwa hapo mkurugenzi na kijana wa huduma kwa wateja wanaweza kubishana bila kuangaliana vyeo.

Ndiyo maana kila tuliyemwalika kuandika katika toleo hili tulimwuliza swali moja: katika mradi wenu, nani alikosa alichokitaka, na aliambiwa lini?