Si Muhali, Ni Nauli

Kalima moja imebebeshwa mzigo usiokuwa wake. Kila inapofanyika semina ya udhalilishaji Unguja au Pemba, na kila mkubwa anapoulizwa kwa nini kesi ya mume aliyempiga mkewe imekufa njiani, jawabu huwa ni lile lile: muhali. Mke kawaonea muhali wakwe, jirani kaona muhali kutoa ushahidi, sheha kaona muhali kuandika barua, na jambo likamalizwa barazani. Msemaji hushuka jukwaani akiwa mwepesi, kwani kosa limekwisha kuwa la wanakijiji na mila zao. Hapana mtu wa hazina aliyetajwa.

Muhali upo, na hakuna mzawa wa visiwa atakayeukana. Washairi nao wameulea. Sitara ya nyumba imesifiwa kwa beti nyingi, na utendi wa Mwana Kupona binti Msham, uliotungwa mwaka 1858, ungali unasomwa kwa mafunzo yake ya utiifu wa mke kwa mume. Lakini muhali ni hulka, na hulka haiahirishi kesi. Kesi huahirishwa kwa sababu mwendesha mashtaka ana majalada mengi kuliko saa za siku, daktari aliyejaza PF3 hakufika, au gari la polisi halina mafuta.

Na atazamwe mwanamke wa Makangale ambaye kesi yake inasikilizwa Wete. Amepigwa na mtu yule yule anayeleta unga nyumbani. Siku ya kwanza hupanda daladala, huku mtoto mmoja amembeba na mwengine amemwacha kwa jirani, akaambiwa kesi imeahirishwa. Mara ya pili ni hivyo hivyo. Mara ya tatu anakopa. Mara ya nne haji, na jaladani huandikwa kuwa shahidi hakutokea. Atakapokuja mtafiti na dodoso lake, mstari huo utatafsiriwa kuwa ni muhali. Waama, ni nauli.

Atakaye kuipima hoja hii na aende mahali ambapo neno muhali halijapata kusikika. Topeka ni mji mkuu wa jimbo la Kansas, Marekani. Septemba 2011 mwendesha mashtaka wa kaunti, baada ya bajeti yake kukatwa asilimia 10, alitangaza kuwa ofisi yake haitashtaki tena makosa madogo yanayotendeka ndani ya mji, yakiwemo mapigo ya nyumbani. Mji nao ukalalamika kuwa hauna fedha za kuubeba mzigo huo. Tarehe 11 Oktoba madiwani, kwa kura 7 dhidi ya 3, wakaifuta sheria yao ndogo iliyokataza mapigo hayo, ili mwendesha mashtaka asipate pa kuzisukumia kesi. Siku ya pili yake akakubali kuzichukua tena. Katika wiki hizo watu walikamatwa kwa kosa hilo, kisha wakaachiwa bila ya kushtakiwa. (Oktoba, kwa kejeli ya kalenda, ndio mwezi ambao Marekani huutumia kuhamasisha watu dhidi ya ukatili huo huo.) Hapakuwa na baraza la wazee, wala mkwe, wala sitara. Palikuwa na daftari la hesabu tu, nalo lilifanya kazi ile ile inayosingiziwa muhali.

Visiwani hatua zimepigwa, na mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Kituo cha Mkono kwa Mkono kilifunguliwa Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, ili aliyeumizwa asitangetange baina ya daktari, polisi na mshauri. Mwaka 2021 ikaanzishwa mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji. Lakini anayemshika mkono mwanamke kutoka kituoni hadi kizimbani ni nani? Ni msaidizi wa sheria, ambaye aghalabu hujitolea bila ya mshahara, na fedha kidogo za safari yake hutoka kwa wafadhili. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa saini moja, na kabla ya Julai kumalizika shirika lake la misaada lilikuwa limekwisha kufungwa. Haki ya mke aliyevunjwa mkono haifai kutegemea uchaguzi wa nchi nyengine.

Itasemwa kuwa serikali ni masikini. Hoja hiyo ingesikilizwa kwa heshima zaidi lau umasikini huo ungeonekana semina zinapofanyika. Semina ina posho, ina chai, ina maji ya chupa na fulana zilizochapishwa. Shahidi hana nauli ya kwenda na kurudi. Anayekwenda kusikiliza habari za kesi hulipwa, ilhali mwenye kesi hukopa. Wala nauli peke yake haitoshi. Mume akitiwa ndani, watoto watakula nini mwezi ule? Asiye na jawabu la swali hilo asimlaumu mke kwa kuiondoa kesi.

Mwaka wa fedha huanza Julai, na kabla yake Baraza la Wawakilishi hupitisha makadirio. Wajumbe wanaosimama humo kulaani udhalilishaji kwa sauti kubwa wana nafasi ya kumwuliza waziri: fedha za mashahidi ziko katika kifungu kipi, na ni shilingi ngapi?